Mto Usiopigwa Kasia

Mbio za mashua kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, zilizofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1829 katika mji wa Henley na kuhamia London mwaka 1836, ni miongoni mwa mashindano ya kale kabisa ya michezo yanayoendelea hadi leo, na kwa vizazi vingi mazungumzo ya kabla ya shindano yalihusu uzito wa wapigakasia, upepo na kasi ya maji yanayojaa. Mwaka 2024 mazungumzo hayo yalihusu kinyesi. Kati ya tarehe 28 Februari na tarehe 26 Machi mwaka huo, kikundi cha kutetea mito kiitwacho River Action, kikishirikiana na klabu ya mashua ya Fulham Reach, kilichota sampuli za maji ya Mto Thames karibu na Daraja la Hammersmith, ambalo mashua za mbio hizo hupita chini yake, kikapata wastani wa vimelea 2,869 vya E. coli katika kila mililita 100 za maji, na sampuli moja ikafikia 9,801, ilhali maji ya mtoni yanayohesabiwa kuwa salama kwa waogeleaji hayatarajiwi kuvuka 1,000.

E. coli ni bakteria wanaoishi katika utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto, na aina zao nyingi hazina madhara. Wataalamu wa maji huwahesabu kwa sababu kuwepo kwao mtoni ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika hapo, na kilipofika kinyesi huweza pia kufika vimelea vya kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Kipimo chenyewe si cha ajabu: maji huwekwa juu ya chakula maalumu cha bakteria, huachwa katika joto linalokaribia la mwili kwa muda wa siku moja, kisha huhesabiwa madoa yaliyochipua, kila doa likichukuliwa kuwa lilitokana na bakteria mmoja aliyekuwa hai. Ni kazi ambayo maabara yoyote ya chuo kikuu inaiweza, na katika hili Dar es Salaam haina upungufu wowote ukilinganisha na London.

Waandaaji wa mbio walitoa mwongozo ambao mvuvi wa Pwani angeusoma kwa mshangao. Wapigakasia walitakiwa kufunika michubuko na malengelenge kwa plasta zisizopitisha maji, kuvaa viatu, kujihadhari wasimeze matone yanayoruka kutoka kwenye makasia, na kujisafisha mara wafikapo mwisho. Ilishauriwa pia kwamba timu itakayoshinda isimtose majini mshika usukani wake, ingawa kumtosa ndiyo desturi ya siku nyingi ya kusherehekea ushindi. Tarehe 30 Machi timu za Cambridge, ya wanaume na ya wanawake, zilishinda zote mbili, na mshika usukani hakutoswa. Leonard Jenkins wa Oxford aliwaambia waandishi kwamba wenzake kadhaa waliugua tumbo wiki hiyo na kwamba ingependeza kama mto usingekuwa na kinyesi kingi hivyo. Haikuthibitishwa kitabibu kwamba maradhi yao yalitoka mtoni, lakini maneno ya mwanafunzi aliyetoka kushindwa yalienea zaidi duniani kwa siku moja kuliko takwimu za miaka mingi.

Chanzo cha uchafu wa Thames kinastahili kuelezwa kwa sababu kinafanana na cha mito ya Dar es Salaam mahali pamoja tu. Mwaka 1858 uvundo wa mto huo ulizidi hata vikao vya Bunge, lililojengwa ukingoni, vikawa havikaliki. Wabunge, ambao kwa miaka walikuwa wamesikia habari za kipindupindu bila kuharakisha, wakapitisha fedha upesi mara harufu ilipofika puani mwao wenyewe. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya chini ya ardhi ambayo hupokea kwa pamoja majitaka ya majumbani na maji ya mvua. Mfumo wa namna hii huitwa mfumo mseto, na udhaifu wake ni kwamba mvua ikinyesha bomba hujaa, na ili majitaka yasirudi vyooni mwa watu, mlango wa dharura humwaga ziada mtoni. Jiji lilipokua, dharura ikawa mazoea. Dawa iliyochaguliwa ni handaki jipya la kilomita 25 chini ya Thames, lililogharimu zaidi ya pauni bilioni 4 na kukamilika kuunganishwa Februari 2025.

Mahali pamoja pa kufanana ni mvua. Kinachobaki ni tofauti, kwa kuwa London ina bomba lililozeeka na Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ya wakazi wake, haina bomba. Jiji hili, lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022, limeunganisha sehemu ndogo tu ya nyumba zake na mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, unaoishia katika mabwawa ya kutibu majitaka ya maeneo kama Vingunguti, Kurasini na Mikocheni. Waliobaki hutumia vyoo vya shimo na makaro, na choo cha shimo katika bonde ambalo maji ya ardhini yako karibu hujaa kabla ya wakati wake. Mwenye uwezo, na ambaye nyumba yake inafikika, huita gari la majitaka lije kunyonya. Asiye na uwezo, au anayekaa katika vichochoro vya Tandale au Mtoni ambako hata bajaji hupita kwa kujipinda, huwaita wapakuaji wa mikono, ambao mtaani huitwa vyura, wanaochimba shimo la pili kando ya choo na kuhamishia humo tope kinyesi kwa ndoo.

Iko njia ya tatu, ambayo Kiswahili cha Dar es Salaam kimeipa jina lisilo na haya: kutapisha. Wingu likifunga na mvua ikaanza kuteremka kwa nguvu, mwenye nyumba hutoboa ukuta wa choo upande wa mtaro, au huzibua bomba aliloliweka siku ya ujenzi akijua atalihitaji, na choo hutapika kilichomo ndani ya maji yanayopita. Baada ya nusu saa shimo limepungua, mtaro umeoshwa na mvua, na hakuna wa kuulizwa. Kitendo hiki kimekatazwa na sheria ndogo za manispaa na kila mtu mtaani anakijua. Ni mlango wa dharura uleule wa London, isipokuwa hapa mwenye kuufungua ni baba mwenye nyumba, usiku, kwa sururu. Kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 na kisha kusambaa katika sehemu kubwa ya nchi kilipata njia iliyokwisha kuandaliwa.

Mitaro hiyo huishia mitoni. Mto Msimbazi huteremka kutoka milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, hupita Vingunguti penye machinjio na viwanda, hutenganisha Kigogo na Ilala, hutandaa Jangwani na kuingia baharini chini ya Daraja la Salenda; upande wa Kinondoni hupokea maji ya Mto Ng'ombe, unaotokea Sinza na kupita Tandale. Kusini, Temeke ina mito ya Kizinga na Mzinga, inayokutana na bahari katika hori lenye mikoko karibu na Mtoni Kijichi. Kaskazini mwa Kinondoni iko Mlalakua, Mbezi, Tegeta na Mpiji, ambayo wachota mchanga wameipanua kiasi kwamba nyumba zilizojengwa mbali na ukingo sasa ziko ukingoni. Kiangazi, mito mingi kati ya hii huvukwa kwa kukunja suruali hadi magotini, na sehemu kubwa ya kinachotiririka humo wakati huo ni maji yaliyokwisha kutumiwa na watu. Hakuna mashua ya wapigakasia wanane inayoweza kuelea hapo, wala chuo kitakachofikiria kuileta. Michezo ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni hasa soka, netiboli, riadha na mingineyo ya nchi kavu.

Jambo hili, linaloonekana kuwa dogo, ndilo linaloamua nani asikike. Thames haukuwa mchafu kuliko Msimbazi mwaka 2024, na pengine haukukaribia. Ulichokuwa nacho ni siku moja kwa mwaka ambayo vijana wa vyuo viwili mashuhuri hugusa maji yake mbele ya kamera, na siku hiyo ilizibeba takwimu za River Action hadi mezani kwa watawala. Paris nayo ilipata siku yake: mashindano ya wanaume ya triathlon ya Olimpiki, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na kukimbia, yaliahirishwa kutoka tarehe 30 hadi 31 Julai 2024 kwa sababu Mto Seine, uliokuwa umepigwa marufuku kuogelewa tangu 1923, ulikuwa bado mchafu baada ya mvua. Mto usiopigwa kasia hauna siku kama hiyo, na vipimo vyake, hata vikiwa vya miaka mingi, hukaa kwenye majarida ya wasomi.

Na vipimo vipo. Mwaka 1999, robo karne kabla ya kelele za Hammersmith, wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, T. E. Bahemuka na E. B. Mubofu, walichapisha katika jarida la kimataifa la Food Chemistry matokeo ya uchunguzi wa mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walichotafuta hakikuwa bakteria, bali madini mazito, yaani metali kama risasi, kadimiamu, shaba na zinki, ambazo mmea huzivuta kutoka kwenye udongo na maji. Tofauti kati ya aina hizi mbili za uchafu ni ya msingi kwa mpishi: bakteria hufa sufuriani, risasi haifi. Mchicha ukichemshwa saa nzima utakuwa umepoteza ladha na vitamini, na risasi yake itabaki palepale. Watafiti hao walitahadharisha kwamba mboga za mabonde hayo zinaweza kuwa hatari kwa mlaji, na tafiti nyingine zimefuata kwa miaka iliyokuja, lakini hapakuwa na mshika usukani wa kukatazwa kutoswa, kwa hiyo hapakuwa na habari.

Ngalawa ndicho chombo cha mwambao kinachokaribia zaidi mashua ya mbio. Ni mtumbwi uliochongwa kwa gogo, mara nyingi la mwembe, ukawekewa mirengu miwili, yaani miti inayotokeza pande zote mbili, na kila upande ncha zake zikafungiwa ubao uitwao ndubi ambao huzuia chombo kisipinduke tanga linapojaa upepo. Resi za ngalawa na za majahazi ni mchezo wa siku nyingi wa Waswahili, na Lamu hadi leo hazikosekani katika sherehe za Maulidi, kama vile mbio za mitumbwi zisivyokuwa ngeni kwa watu wa Mwanza na Ukerewe. Katika mwambao wa Kinondoni, pale Msasani na Kunduchi, ngalawa bado zinafanya kazi yake ya kwanza, yaani uvuvi, na baada ya masika kubwa, maji ya midomo ya mito yanapogeuka rangi ya chai ya maziwa, ndubi hukusanya kilichoshuka kutoka mitaa ya juu: chupa za plastiki, viroba, kandambili moja isiyo na mwenzake na, kwa wingi unaokera, pampasi za watoto. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilipunguza kitu kimoja katika orodha hiyo, mengine yanaendelea. Mvuvi huteremka majini bila viatu, husukuma chombo akiwa amezama hadi kiunoni, na kidonda chake, kama anacho, hakina plasta.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mto wake pia, ingawa wanafunzi wengi wa Mlimani huuvuka bila kuujua. Mlalakua hutokea maeneo ya jirani na chuo hicho, hupita Mikocheni na kuingia baharini upande wa Kawe, na katika muongo wa 2010 ulifanyiwa mradi wa kuufufua uliozikutanisha mamlaka za maji na mazingira, Manispaa ya Kinondoni, kampuni binafsi na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ. Wahandisi wa chuo hichohicho wamekuwa kwa miaka zaidi ya 20 wakitafiti ardhioevu za kutengenezwa, yaani vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, ambamo majitaka hupita polepole huku bakteria walioshikamana na mizizi wakila uchafu. Ni teknolojia isiyohitaji umeme, na matete hayaagizwi kutoka nje. Inachohitaji ni ardhi tambarare isiyokaliwa, na katika Dar es Salaam ya leo kitu hicho ni adimu kuliko mashine.

Sheria nayo haikosekani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari au ziwa, na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinamtaka mwenye kiwanda asitoe mtoni maji ambayo mahitaji yake ya oksijeni yanazidi miligramu 30 kwa lita. Mahitaji ya oksijeni ni kipimo cha kiasi cha hewa hiyo ambacho vijidudu vya majini vitakitumia ili kuozesha uchafu uliomo; kikiwa kikubwa, hewa humalizwa, samaki hukosa pumzi na maji hugeuka meusi yenye uvundo wa yai viza. Kwa mwenye kujua hilo, pua inatosha kuwa kifaa cha ukaguzi katika madaraja mengi ya jiji. Mita 60 kwa upande wa Tandale au Mtoni zingechukua mitaa mizima, na hapo ndipo sheria hugeuka kuwa kitu cha kutajwa baada ya mafuriko.

Temeke inastahili kutazamwa kwa jicho tofauti, maana huko mto mmoja ni wa kunywa. Kizinga umekuwa ukilisha mtambo wa maji wa Mtoni tangu enzi za ukoloni, kabla ya jiji kutegemea Mto Ruvu, na mtambo huo mdogo bado ni sehemu ya mfumo wa DAWASA. Kusafisha maji ya mto kwa kawaida huanza kwa shabu, inayofanya chembe za tope zishikamane na kuzama, kisha hufuata mchujo na klorini ya kuua vimelea. Kadiri mto unavyokuja na tope na uchafu mwingi, ndivyo dawa inavyohitajika zaidi. Kwa hiyo mchota mchanga wa juu ya Kizinga na mwenye bomba wa Mtoni kwa Azizi Ali wana uhusiano wa kifedha ambao hakuna kati yao aliyewahi kuandikiwa. Temeke pia imepata, katika eneo la Toangoma, mtambo wa kuchakata tope kinyesi linaloletwa na magari, na pengine hilo lina thamani kubwa kuliko madaraja, kwa sababu choo kilichopata pa kumwagwa hakina haja ya kusubiri wingu.

Fedha kubwa kuliko zote, hata hivyo, zimekwenda Msimbazi, na yaliyozileta ni mafuriko, si vimelea. Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka iliyofuata karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Jangwani ilizama mara kwa mara hadi likawa jambo la utani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kuendeleza bonde hilo, ukiwamo ujenzi wa daraja jipya la mita 390 hapo Jangwani, kupanua njia ya mto, kuwalipa na kuwahamisha wakazi wa bondeni na kuotesha bustani ya jiji mahali pao. Mradi huo unastahili sifa, ila mafuriko na uchafu ni maradhi mawili. Kabla yake, Mto Ng'ombe ulijengewa kingo za zege chini ya mradi mwingine wa jiji, na mvua sasa huutoka Tandale haraka. Choo kilichotapishwa Sinza nacho, kwa hiyo, huwahi kufika Jangwani. Wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapopanda kuingia kwenye mdomo wa Msimbazi, hayo yote husimama hapo kwa saa kadhaa, yakisubiri kupwa.

Mbio za Oxford na Cambridge hupangwa kwa kufuata kujaa kwa maji, ili mashua zibebwe na mkondo katika kilomita zote 6.8 kutoka Putney hadi Mortlake. Wakulima wa mboga wa bonde la Msimbazi nao wana kalenda yao. Maji yakishapungua baada ya masika, mkulima hulima upya tuta lililosombwa, humwaga mbegu juu ya tope jipya, jeusi, lenye rutuba ambayo hana haja ya kuinunua, na asubuhi na jioni huchota maji kwa keni mbili na kumwagilia akitembea kinyumenyume, miguu pekupeku. Mchicha huhitaji takriban wiki tatu. Siku ya kuvuna, mama wa sokoni hufika mapema, hununua kwa tuta zima baada ya kuvutana bei kidogo, hung'oa mwenyewe, husuuza mizizi kwenye maji yaleyale ili tope litoke na majani yang'ae, hufunga mafungu kwa ukili, na jua linapochomoza beseni liko kichwani, njiani kuelekea Magomeni.